Gari Lililolia Saa ya Sala

Desemba 4

Meleane, mke wa mwanangu, amenipa daftari na kalamu ya bluu. Anasema nimeanza kuongea peke yangu, na nguruwe wa jirani wanasimama kunisikiliza.

"Andika, baba," kasema. "Karatasi haichoki."

"Kwani wewe umechoka?"

"Mimi nina nguo za kufua."

Basi naandika. Nilisoma shule ya mchungaji mpaka nikajua kuandika jina langu, Lafaele, na jina la msichana mmoja, nikaona elimu imetosha. Msichana huyo, Fuatino, nilimwoa. Mwezi uliopita tumemzika. Kaburi liko mbele ya nyumba, kama makaburi ya watu wote hapa kijijini Salepua, na asubuhi nakunywa kakao yangu hapo hapo ukingoni. Watu wanauliza najisikiaje. Sijisikii. Umewahi kuukalia mguu ukafa ganzi? Ndivyo nilivyo, ila mwili mzima, na ule mchonyoto wa damu kurudi haujaja.

Mvua zimeanza.

Desemba 5

Mvua.

Desemba 7

Niandike habari za gari, maana nyumba hii sasa haina habari nyingine. Ni gari jeupe la mwanangu Uelese, lilitoka Japani likiwa limeshachoka, na yeye analichosha zaidi kubeba abiria kutoka gatini Salelologa. Iakopo, mtoto wa dada yangu, alikuja kutoka Brisbane kwa ajili ya mazishi. Wenzake walileta mikeka na makopo ya nyama. Yeye alileta muziki: redio mpya, spika kubwa ya kuweka butini, na lile sanduku la kuongeza sauti wanaloliita amplifaya, ambalo alilifunga kwa misumari juu ya spika. Na juu ya hayo, king'ora cha wezi. Alifunga kila kitu mwenyewe kabla ya mazishi, miguu inaning'inia nje ya mlango, kisha akapanda ndege.

Mchana gari likirudi, mimi hufungua buti nikaingia nikakaa kama gunia la taro, mgongo kwenye lile sanduku. Uelese akiweka nyimbo, spika inanipiga kifuani kwa ndani. Si kwamba nafurahi. Ni kwamba kuna kitu kinagonga, na nasikia kinagonga.

Desemba 9

Mvua kutwa, na jioni mtungi ulipigwa kama kawaida. Kengele yetu ni mtungi mtupu wa gesi, umening'inizwa kwenye mti wa mkungu, unapigwa kwa nondo. Ukipigwa, kila mtu anaingia kwake kusali, barabara inakufa, vijana wa zamu wanasimama kandokando na vikoi vyao kuhakikisha hata kuku anafumba mdomo. Tulikuwa tumekaa chini, Uelese anasoma zaburi, mimi nasali jicho moja wazi kama ninavyosali siku zote, Mungu ananijua.

Gari likalia.

Si kulia kwa honi. Ni kulia kwa king'ora, kile cha kupanda na kushuka, kama nguruwe aliyejua leo ni zamu yake. Kidude cha kukizimia kilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya Uelese, na suruali ilikuwa kwenye kamba ya ndani, maana sala ni kwa kikoi. Aliikuta suruali. Hakukikuta kidude. King'ora kikalia mpaka kikachoka chenyewe.

Meleane alisema amina peke yake.

Desemba 10

Nimeitwa barazani. Nina cheo kidogo cha ukoo, kwa hiyo nina nguzo yangu ya kuegemea kwenye nyumba ya baraza. Ni ile ya karibu na mlango, inapovuja. Maugatai, mkuu wa wakuu, ni kaka wa marehemu mke wangu. Ana tumbo la kuheshimika na fimbo ya kuheshimika zaidi. Tangu siku ya mazishi hajakanyaga kaburini. Nyumba yake iko umbali wa kupiga chafya.

"Shemeji," akasema, "kijiji kimesikia."

"Na vijiji viwili vya jirani, mkuu."

Fimbo ikagonga sakafu. Tumetozwa makasha ya samaki wa kopo. Wamekula baraza zima, nami nikala wa kwangu.

Desemba 11

Uelese amempigia Iakopo simu, nami nikaomba niongee.

"Mjomba, king'ora kile ni cha kisasa," akaniambia. "Kikilia ujue kuna kitu kimekigusa."

"Kitu gani?"

"Mwizi."

"Iakopo, kisiwa hiki kina barabara moja, nayo inazunguka. Mwizi akiiba gari hapa, jioni atapita mlangoni kwa mwenyewe."

"Basi nguruwe, mjomba."

"Nguruwe wetu wanasali kuliko wewe. Tukiking'oa je?"

"Msiking'oe. Nimekifunga pamoja na stata. Mkikata waya mmoja, gari haliwaki mpaka nije mimi."

Uelese amejenga ua wa nguruwe.

Desemba 25

Krismasi. Wamenipa taro laini kwa sababu ya meno. Nimekula.

Januari 3

Asubuhi gari limegoma. Ufunguo unazungushwa, stata inasema tik, basi. Tumelisukuma mpaka mteremko wa kanisani. Mimi nilisukuma kwa mdomo. Lilipowaka, Uelese aliwahi boti ya pili, abiria wa boti ya kwanza wamechukuliwa na wengine.

Januari 7

Limegoma tena. Na usiku taa za mbele zinafifia kila ngoma inapogonga, kama mtu anayepepesa macho.

Januari 8

Uelese amesema mchawi ni redio: ndiyo inayonyonya betri mpaka gari linachanganyikiwa. Ameichomoa fyuzi ya redio, akanionyesha, kadude chekundu kama ukucha wa mtoto. Gari sasa ni bubu. Butini nimeingia, nikakaa, hakuna kilichonigonga. Lakini sanduku lilikuwa na joto mgongoni, kama tumbo la kuku anayeatamia. Nimelala pale mpaka saa ya sala.

Januari 11

Niandike polepole, mkono unauma.

Leo mvua imenyesha tangu alfajiri. Uelese amefanya kazi kutwa nzima taa zinawaka, vifuta kioo vinakwenda, akarudi amechoka. Mtungi ukapigwa. Tukakaa. Fyuzi ya redio iko juu ya rafu, karibu na picha ya Fuatino, nami nilikuwa naitazama kwa lile jicho langu moja, nimetulia. Uelese kafika kwenye "Bwana ndiye", gari likalia.

Kidude safari hii alikuwa nacho, amekifunga shingoni kama hirizi. Akabonyeza. Jasho na mvua vimeshakiua siku nyingi. Akabonyeza tena, akanitazama, na mimi nikamtazama.

"Usitoke," Meleane akamwambia kwa sauti ya chini. "Ukitoka ni kosa la pili."

Akatoka. Mtu mzima, mwenye mke, anakimbia na kikoi saa ya ukimya, mbele ya vijana wa zamu, anafungua boneti, anang'oa waya wa betri kwa mikono mitupu. Na king'ora, badala ya kunyamaza, kikapandisha. Kumbe kina betri yake ndogo tumboni. Ukikinyima umeme kinajua kabisa kwamba wewe ndiye mwizi.

Alisimama kwenye mvua ameshika waya, gari linamlilia usoni. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijua kwamba jambo lile linachekesha, na nilijua kwamba linatisha, kama unavyojua jina la mji ambao hujafika. Nilingoja lolote kati ya hayo mawili linifikie. Mvua iliingia masikioni mwangu, nikarudi ndani.

Januari 12

Barazani. Wengine walitaka tutoke leo leo. Kutoka maana yake ni kutoka: unabeba sufuria zako, unaondoka kijijini, nyumba inafungwa. Meleane ana ndugu Upolu, kisiwa cha pili, tungekwenda huko kukaa kwenye ukumbi wao. Kaburi halibebwi.

Maugatai aliwaacha waseme wote. Kisha akagonga fimbo.

"Nguruwe mkubwa," akasema, "na nafasi moja zaidi. Likilia tena saa ya sala, familia ya Lafaele itatoka."

Wakati wa kuvaa kandambili nilimwambia, "Ahsante shemeji, umeniachia kipande cha kamba."

"Usikivute," akasema, akaenda zake. Hakugeuza hata shingo alipopita mbele ya kaburi la dada yake. Nimemwita majina hapa kwenye karatasi, kisha nimeyafuta, Meleane anaweza kusoma.

Januari 14

Meleane ndiye aliyegundua. Alikuwa anaanua nguo.

"Hulia siku za mvua tu," akasema.

Tukahesabu kwa vidole, kweli. Mara zote mbili mvua ilinyesha kutwa. Uelese akasema basi ni maji: maji yanaingia mahali, yanagusa waya.

"Mwanamke ana akili," nikamwambia. "Wewe umeoa juu."

"Na mama naye aliolewa chini," akajibu.

Amenishinda. Nimeenda kunywa kakao.

Januari 20

Wametoa viti vyote na zulia, uwanja umejaa kama soko. Gari letu sakafu si sakafu, chumvi ya bahari imeila, na aliyelimiliki kabla yetu alilitia kiraka cha bati la paa. Iakopo alifunga waya wa ethi, yaani ule wa kurudishia umeme kwenye bodi la gari, hapo hapo kwenye kiraka. Bodi lenyewe liko mbali, kati yao kuna kutu na gundi. Uelese alikwangua mpaka chuma kikang'aa, akahamisha ethi kwenye chuma halisi, akakaza bolti. Akanunua betri mpya. Usiku tulijaribu: ngoma inagonga, taa zimetulia, hazipepesi hata kidogo. Fyuzi ya redio imerudi.

Uelese alicheza peke yake kwenye mwanga wa taa za mbele. Ni mnene kuliko nilivyodhani.

Januari 26

Mvua kutwa. Sala kimya.

Januari 27

Mvua kutwa. Sala kimya. Meleane ameimba wakati wa kupika.

Februari 3

Kimya. Nimeng'oka jino, halikuuma.

Februari 10

Mvua. Kimya. Iakopo amepiga simu kudai kwamba ethi ile aliyoifunga ilikuwa sahihi, ila gari ndilo lililokosea.

Februari 14

Asubuhi stata imezunguka kwa uvivu. Uelese amesema ni baridi. Hapa kwetu.

Februari 19

Limelia.

Mvua ya siku mbili, mtungi, zaburi, na limelia. Uelese hakukimbia safari hii. Alifunga kitabu, akaweka mikono magotini, tukakaa watatu tukilisikiliza mpaka mwisho. Kijana wa zamu alisimama barabarani mbele yetu. Ni mtoto wa watu tunaowajua, alikuwa anatazama miguu yake.

Baraza ni keshokutwa. Meleane ameanza kukunja nguo. Anazikunja vizuri, pindo kwa pindo. Uelese amekaa karibu na kaburi mgongo kwetu.

Nimemuuliza, "Tutamwachia nani kazi ya kung'oa majani hapo?"

"Baba, nyamaza kidogo."

Nimeng'oa majani mawili matatu.

Februari 20

"Tukitoka, tutoke tunajua kimetutoa nini," Uelese amesema asubuhi. Akachukua taa ndogo ya kupimia, ile balbu yenye waya mbili. Akafungua waya hasi wa betri, king'ora kikalia mpaka kikachoka, hatukujali, si saa ya sala, na katikati ya waya na betri akaiweka ile balbu. Gari limezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, milango imefungwa. Kama hakuna kinachokunywa umeme, balbu isiwake.

Ikawaka.

"Kuna mtu anakunywa," nikasema.

Akanipa kazi ya kuitazama. Yeye akachomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Taa. "Bado inawaka." Honi. "Bado." Redio. "Bado." Kile kijisanduku kinachofanya redio za Japani zishike stesheni zetu. "Bado." King'ora chenyewe. "Imefifia kidogo, bado." Akamaliza kisanduku chote cha fyuzi, balbu inawaka kama imelipwa. Akakaa chini kwenye tope.

"Umelijaribu na sanduku la buti?" nikamuuliza.

"Redio haina umeme, baba. Redio ikizimwa, lile nalo linazimika."

"Mbona lina joto?"

"Lini?"

"Wakati wote. Hata asubuhi kabla hujaliwasha."

"Wewe umejuaje?"

"Ndiko ninakoegemea."

Alijifuta tope mikononi. Kisha akaingia butini. Sanduku lile lina waya wake nene unaotoka moja kwa moja kwenye betri, haupiti kisanduku cha fyuzi. Na lina waya mwingine mwembamba wa bluu, huo ndio wa kuliamsha: redio ikiwaka inaupa umeme, sanduku linaamka, redio ikizimwa linalala. Waya wa bluu haukwenda kwenye redio. Ulikuwa umesokotwa na ule mnene, ukafungwa kwa kipande cha utepe mweusi wa nguo.

Uelese aliutambua utepe. Mimi pia. Ni ule tuliokuwa tunajifunga mkononi wakati wa msiba.

Nakumbuka sasa. Usiku wa kukesha, kabla ya kumzika, kwaya ilichoka karibu na alfajiri. Iakopo akasema gari liimbe. Ufunguo ulikuwa na Uelese, naye amekwenda gatini kwa gari la jirani kuwapokea watu. Basi Iakopo akazisokota zile waya ili sanduku liamke bila ufunguo, akaunganisha simu yake, nyimbo zikaendelea mpaka wakaja kumbeba Fuatino. Baada ya mazishi tulikula, akapanda ndege, na hakuna aliyekumbuka kulilaza.

Lilikuwa macho tangu siku ile. Novemba, Desemba, mpaka leo, linakesha. Siku kavu, gari likitembea sana, betri ilishiba na kuvumilia. Siku za mvua, taa na vifuta kioo vikila, jioni ilikuwa imebaki kidogo tu. Sanduku linanyonya, betri inashuka, king'ora kinadhani mwizi anakata waya, kinalia. Na huwa ni saa ya sala kwa sababu ndiyo saa gari limekaa muda wa kutosha tangu lirudi. Betri mpya ilichelewesha tu.

"Ufungue wewe," Uelese akaniambia.

Nikaufungua utepe. Vidole vyangu ni vizito, ilichukua muda. Waya zikaachana.

"Imezimika," Meleane akasema kutoka mbele, kwenye balbu.

Nilibaki na mkono juu ya sanduku. Lilipoa haraka kuliko nilivyotegemea.

Gari limepona. Sisi bado tunatoka kesho. Baraza haliulizi kwa nini lililia. Likilia, limelia.

Februari 20, jioni

Nimewaambia tufanye ifoga: twende kabla jua halijatoka, tupige magoti mbele ya nyumba ya Maugatai, nimefunikwa mkeka mwororo, na kuni na mawe ya jiko la ardhini mbele yetu. Maana yake: tupo hapa, tupikeni mkitaka. Akija akaniinulia mkeka, yamekwisha. Asipokuja, yamekwisha pia, kwa njia nyingine.

"Ifoga ni ya damu, baba," Uelese kasema. "Ya mtu kuua mtu. Si ya gari."

"Una njia nyingine?"

Hana. Ila mikeka nayo yote ilikwenda na msiba. Umebaki mmoja tu ndani ya sanduku la Fuatino, mlaini kama kitambaa, rangi ya chai ya maziwa. Aliusuka usichana.

Februari 21

Tulikwenda gizani. Mawe yalibebwa na Uelese, kuni na Meleane. Mimi nilibeba magoti yangu, na yalikuwa mzigo tosha. Tukapiga magoti kwenye kokoto, mimi mbele, wakanifunika. Manyunyu. Chini ya mkeka kuna mwanga kidogo unaopita kwenye msuko, na harufu ya sanduku.

Nikawaza, mimi nimezeeka, watanichemsha mpaka Pasaka.

Nyumba ikaamka. Nikasikia fimbo, ikaja mpaka ukingoni mwa sakafu, ikasimama. Ikarudi ndani. Jua likatoka, nikalijua kwa mgongo. Vijana wa zamu walikuja wakasimama barabarani, nao nikawajua kwa kikohozi. Magoti yaliuma, kisha yakaacha kuuma, yakajiunga na sehemu nyingine.

Kisha fimbo ikaja tena. Ikawekwa chini. Mtu mzito akachuchumaa karibu nami, anahema.

"Mkeka huu umeutoa wapi?" Maugatai akauliza. Si kwa sauti ya barazani.

"Sanduku la dada yako."

"Aliusukia humu ndani kwangu. Kabla hujamwiba."

"Sikumwiba, shemeji. Alikuja kwa miguu yake, tena alinitangulia."

Akaushika. Nilisikia vidole vinatembea pembeni, vinatafuta.

"Hapa pindo limekwenda upande."

"Aliniambia ni wewe ulikuwa unamchekesha."

Vidole vikasimama hapo. Manyunyu yakaongezeka kidogo. Ungedhani ameondoka, ila nilisikia anavyohema.

"Sogea," akasema.

Kawaida aliyekosewa huuinua mkeka. Tangu nizaliwe sijaona wala kusikia aliyekosewa akiingia chini yake. Maugatai aliinua upande wake, akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akapiga magoti kando yangu na tumbo lake lote, tukabanana kama watoto wanaoiba sukari. Sikuuona uso wake vizuri. Nilisikia mabega yanavyotikisika. Alilia bila sauti, kama mtu anayefanya kazi nzito asiyotaka kusaidiwa. Nikaelewa kwa nini hakanyagi kaburini. Kule barabarani, mbele ya watu, hana mkeka.

Upepo ulikuwa unafunua upande wake, na vijana wale wana macho. Nikalishika pindo, nikalibana chini kwenye kokoto. Mimi sikulia. Mkono ulipochoka nilibadili mkono.

Alipomaliza alijifuta kwa kikoi, akatoka, akasimama, akasafisha koo. Ndipo akauinua mkeka kichwani mwangu kama desturi inavyotaka, akaukunja vizuri, akanirudishia, akasema kwa sauti ya barazani iliyofika mpaka kanisani kwamba kijiji kimepokea na familia ya Lafaele inabaki.

Uelese alinishika kwapa, nikasimama. Tulipofika njiani Meleane akaniuliza mlikuwa mnazungumza nini humo ndani muda wote ule.

Nikamwambia, habari za gari.